Miaka Ishirini ya Shule za Kata: Wananchi Walitimiza Sehemu Yao

Mwaka 2004 Tanzania Bara ilikuwa na wanafunzi wa sekondari wapatao 432,000. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya milioni 1.6. Shule zenyewe, za serikali na za binafsi kwa jumla, ziliongezeka katika kipindi hichohicho kutoka 1,291 hadi zaidi ya 4,200. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na shule za aina moja: shule ya kutwa, ya kidato cha kwanza hadi cha nne, iliyosimamishwa ndani ya kata kwa michango na nguvu za wakazi wa kata hiyo. Wimbi kubwa la shule hizo lilianza 2006, na sasa linatimiza miaka ishirini. Katika maadhimisho ya namna hii husomwa risala yenye orodha ya mafanikio na orodha ya changamoto, mgeni rasmi akaahidi mifuko ya saruji, watu wakatawanyika. Historia ya shule za kata inastahili tathmini nzito kuliko hiyo, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali linalotusumbua hadi leo: kwa nini nafasi za masomo zilipatikana haraka kiasi kile, na ufaulu wa kweli ukachelewa? Hoja yangu ni kwamba shule ya kata ilizaliwa kwa makubaliano ya pande mbili. Wananchi wajenge, serikali ilete walimu na vifaa. Wananchi walitimiza sehemu yao kwa wakati, serikali ikachelewa, na kuporomoka kwa matokeo kulifuata ucheleweshaji huo. Lakini kosa la pili lilikuwa kubwa vilevile: ushiriki wa jamii ulipimwa kwa matofali, na majengo yalipokamilika jamii ikaachwa nje ya geti.

Ili kuona uzito wa kilichotokea 2006, ni lazima kurudi nyuma. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na shule za sekondari 41 na wanafunzi wa sekondari wasiofika 12,000. Mfumo wa kikoloni ulikuwa umejengwa kwa machujo: mtoto alichujwa baada ya darasa la nne, akachujwa tena baada ya darasa la nane, na waliobaki walikuwa wachache mno. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa Machi 1967, ililikubali tatizo hilo waziwazi. Kwa kuwa wengi wasingeweza kwenda sekondari, shule ya msingi iwe elimu inayojitosheleza, imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini. Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, lakini milango ya sekondari ikabaki myembamba kwa makusudi. Wapangaji wa uchumi walihesabu nafasi za sekondari kwa kutazama idadi ya watumishi ambao serikali na mashirika ya umma yangeweza kuwaajiri. Huo ulikuwa uamuzi wenye mantiki yake kwa nchi maskini, lakini gharama yake ililipwa na kizazi kizima cha wahitimu wa darasa la saba waliofaulu na kukosa pa kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni takriban mtoto mmoja tu kati ya watano waliomaliza shule ya msingi aliyeingia kidato cha kwanza.

Wananchi hawakukaa kusubiri. Tangu mwaka 1955, Jumuiya ya Wazazi, wakati huo ikiitwa TAPA, ilikuwa ikifungua madarasa kwa ajili ya watoto walioachwa na mfumo wa kikoloni. Kuanzia miaka ya 1980 moto huo uliwaka upya katika ngazi ya sekondari. Jumuiya ya Wazazi, madhehebu ya dini na mifuko ya elimu ya wilaya walijenga shule kwa kasi ambayo serikali haikuweza kuifikia, hata shule zisizo za serikali zikazidi za serikali kwa idadi. Hata hivyo juhudi hizo zilikuwa na kasoro moja kubwa. Zilistawi palipokuwa na kahawa, chai, biashara, au kanisa lenye nguvu. Kilimanjaro ikatangulia mbali, na mikoa mingi ya kusini, magharibi na katikati ikabaki nyuma. Kujenga kwa nguvu za wananchi bila mkono wa serikali kuliongeza nafasi, na papo hapo kukapanua pengo kati ya mkoa na mkoa. Kipya katika mpango wa shule za kata hakikuwa wananchi kujenga, maana hilo walilijua siku nyingi. Kipya kilikuwa agizo kwamba kila kata, tajiri au maskini, iwe na shule yake, na kwamba serikali ibebe mzigo wa walimu kila mahali.

Msukumo wa karibu ulitoka shule za msingi. Mwaka 2001 serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilifuta ada ya elimu ya msingi, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka uliofuata. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004. Ilikuwa wazi kwamba kundi hilo lingefika darasa la saba na kubisha hodi sekondari. Hivyo ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, wa 2004 hadi 2009, ukisaidiwa na dola milioni 150 za Benki ya Dunia. Ada ya sekondari za kutwa za serikali ikapunguzwa kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000 kwa mwaka. Lakini aliyeugeuza mpango huo kuwa amri ya kitaifa ni Edward Lowassa, Waziri Mkuu katika serikali ya Rais Jakaya Kikwete kuanzia mwisho wa Desemba 2005. Alizunguka mikoani akiwabana wakuu wa mikoa na wilaya: mtoto aliyefaulu darasa la saba asikose nafasi kwa sababu ya uhaba wa madarasa. Shule za sekondari za serikali zilikuwa 1,690 mwaka 2006. Mwaka 2007 zilikuwa 2,806. Ni zaidi ya shule elfu moja mpya ndani ya mwaka mmoja, kasi ambayo nchi haikuwahi kuiona kabla wala haijaiona tena.

Takwimu hizo zinaficha jasho lililo nyuma yake. Shule ilianzia kwenye kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikashushwa kwenye mikutano ya hadhara ya vijiji, na hapo likapangwa fungu la kila kaya: fedha kiasi fulani, au tofali kiasi fulani, au siku kadhaa za kazi. Wanaume walichimba msingi na kuchoma matofali. Wanawake walisomba maji kwa ndoo na mchanga kutoka mtoni, vijana wakagonga kokoto. Fundi wa kijiji akainua boma hadi usawa wa lenta, na hapo kazi ikasimama kungoja halmashauri ilete bati, mbao na misumari. Kuna maboma yaliyongoja misimu kadhaa ya mvua hadi kuta zikaanza kumomonyoka. Wakati huohuo wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wameshapangiwa, nao wakaanza masomo katika vyumba vya kuazima kwenye shule ya msingi jirani, wakikalia madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa darasa la pili, huku mkuu wa shule akiwa na meza moja na kabati moja. Mtu anayeziita shule hizo zawadi ya serikali hakuziona zikijengwa. Anayeziita kazi ya wananchi peke yao naye amesahau bati, mshahara wa mwalimu na mtihani wa taifa.

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Wapo wanaosema kwamba kinachoitwa ushiriki wa jamii kilikuwa kodi ya kulazimishwa yenye jina zuri. Mgala muue na haki yake mpe: mara nyingi ilikuwa hivyo. Mtendaji wa kata alipewa lengo na tarehe, naye akatumia mgambo. Kuku na mbuzi walikamatwa, baiskeli zikashikiliwa, na kaya maskini ikadaiwa sawa na mwenye duka. Hali hiyo ilijirudia kati ya 2012 na 2015, Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara, vya fizikia, kemia na baiolojia. Lakini pingamizi hilo likifuatwa hadi mwisho halivunji hoja yangu, linaitia nguvu. Kilichokosekana katika michango ile ni sauti ya mchangiaji katika mambo yaliyofuata baada ya kuchanga. Aliyetoa tofali zake mia hakuulizwa shule ipewe mwalimu gani kwanza. Hakusomewa matumizi, wala hakuelezwa kwa nini maabara aliyoijenga imekuwa stoo ya viti vibovu. Mtu anayedaiwa bila kusikilizwa hujifunza kukwepa, na tabia hiyo ya kukwepa ndiyo tuliyokuja kuivuna baadaye.

Upande wa serikali, tatizo lilikuwa muda. Darasa linaweza kuinuka katika miezi mitatu, ila mwalimu wa sekondari hahitimu kwa chini ya miaka miwili ya stashahada au mitatu ya shahada. Serikali ililiona hilo na ilichukua hatua: vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa vilianzishwa 2005, na Chuo Kikuu cha Dodoma 2007. Hatua hizo zilikuwa sahihi, lakini matunda yake yasingeonekana kabla ya mwisho wa muongo. Katikati ya hapo likatafutwa suluhisho la dharura. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha. Mtaa ukawaita walimu wa voda fasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio ya simu, na jina hilo la dhihaka likaganda. Vijana hao hawakustahili dhihaka yote ile. Katika shule nyingi ndio peke yao waliokubali kwenda na kukaa. Lakini shule ya walimu watatu au wanne wasio na uzoefu, bila maktaba, bila maabara na bila nyumba ya mwalimu, isingeweza kutoa elimu iliyokuwa ikitolewa katika shule kongwe kama Ilboru au Tabora. Watoto walipata nafasi, mwalimu wa hesabu hakupatikana.

Matokeo yakafuata kalenda hiyo karibu mwaka kwa mwaka. Katika miaka ya katikati ya 2000 ufaulu wa kidato cha nne ulikuwa karibu asilimia 90. Mwaka 2009 ulikuwa asilimia 72.5. Mwaka 2010 ukaporomoka hadi asilimia 50.4. Waliofanya mtihani huo wa 2010 ni walewale walioingia kidato cha kwanza 2007, mwaka ambao shule za serikali ziliruka kwa zaidi ya elfu moja. Kisha ikaja 2012. Februari 2013, Waziri wa Elimu Shukuru Kawambwa alipotangaza matokeo, watahiniwa 240,903 walikuwa wamepata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na baada ya alama kupangwa upya ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43. Mjadala wa taifa ulihusu zaidi Baraza la Mitihani na namna ya kupanga alama. Jambo moja halikupewa uzito uliostahili. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2002, mwaka wa kwanza wa MMEM, kama hakurudia darasa alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012 hasa. Kundi hilo lilijaza madarasa ya msingi yaliyofurika, likahamia sekondari zilizokuwa bado zinaezekwa, na likatahiniwa kwa kipimo kilekile walichopimwa waliosoma shule zilizokamilika. Anguko la 2012 lilichukua miaka kumi na moja kujengwa.

Hapo ndipo likazaliwa shtaka zito kuliko yote: kwamba shule za kata zimeua elimu, na kwamba ingekuwa heri kuwa na shule chache nzuri. Utani wa kuziita Mtakatifu Kayumba, kana kwamba ni shule ya misheni ya watu wasio na hela, unabeba shtaka hilo kwa kicheko. Linajibika kwa hesabu. Mwaka 2005 watahiniwa wote wa shule walikuwa chini ya laki moja. Mwaka 2012, huo mbaya kuliko yote, waliofaulu baada ya alama kupangwa upya walikaribia 160,000. Kwa maneno mengine, waliofaulu katika mwaka wa aibu walizidi idadi ya wote waliothubutu kukaa kwenye mtihani miaka saba nyuma. Asilimia ilishuka kwa sababu waliokuwa wakiachwa nje ya hesabu waliingizwa ndani. Kabla ya hapo mtoto wa mkulima wa Kigoma au Lindi hakuwa amefeli kidato cha nne, kwa kuwa hakuwahi kukifika. Tena waliofaidika zaidi ni wasichana. Mzazi aliyekataa kumpeleka binti yake bweni la mbali alikubali aende shule iliyo ndani ya kata, na leo katika kidato cha kwanza hadi cha nne wasichana wamewazidi wavulana kidogo. Wanaodai shule chache nzuri wajibu swali moja: wangemwondoa nani?

Hata hivyo utetezi huo una mpaka, na mwandishi wa historia ya kusherehekea hana budi kuutaja. Kufaulu kwa wengi wa wanafunzi hao kulikuwa daraja la nne, cheti ambacho hakimpeleki mtu kidato cha tano. Kupanda kwa asilimia baada ya 2013 kunatakiwa kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa viwango vya alama vilibadilishwa mwaka huo, ukaja mfumo wa wastani wa pointi, kisha madaraja yakarudishwa 2016. Ni kweli ufaulu ulifika asilimia 89 mwaka 2023, na sehemu ya kupanda huko ni ya haki kabisa: walimu wa sanaa walipatikana hadi wakazidi mahitaji, vitabu vikaongezeka, shule zikakomaa. Lakini katika hesabu, waliofaulu mwaka huo walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Lugha nayo bado ni kikwazo. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na jiografia kwa Kiingereza, na kozi ya utangulizi ya wiki chache haitoshi kumvusha. Katika shule ya kata pengo hilo ni pana zaidi, kwa kuwa Kiingereza hakisikiki nje ya darasa, na mara nyingine hata ndani ya darasa ni cha kunakiliwa ubaoni tu.

Januari 2016 ikafungua awamu nyingine. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, serikali ya Rais John Magufuli iliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na fedha za uendeshaji zikaanza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kwa kaya zilizokuwa zikikimbizana na mgambo ilikuwa nafuu kubwa, na uandikishaji wa kidato cha kwanza ukapanda tena. Lakini kilichoondoka pamoja na mchango ni mazoea ya kukutana. Kwa miaka kumi mzazi alikuwa ameitwa shuleni kwa sababu moja tu, kudaiwa. Deni lilipofutwa hakuona sababu ya kurudi. Mkuu wa shule naye, akiogopa kutuhumiwa kwamba anachangisha, akapunguza vikao. Sentensi iliyosikika kila mahali ni ile ya serikali imesema bure. Waraka uliofuata mwaka 2016 ulifafanua kwamba mzazi bado ana wajibu wa sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa, lakini ufafanuzi haukusafiri kama tangazo lilivyosafiri.

Wapo wanaosema kwamba kwa hali hii ushiriki wa jamii umepitwa na wakati: serikali sasa inajenga, wananchi wapumzike. Ni kweli serikali inajenga. Mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya UVIKO-19 ilijenga madarasa 12,000 ya sekondari, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Mradi wa SEQUIP, uliopitishwa na Benki ya Dunia 2020 kwa dola milioni 500, ulilenga shule mpya 1,026, ikiwamo 26 za sayansi za wasichana, na shule za kata za mwanzo chini ya mradi huo zilipokea shilingi milioni 470 kila moja kwa hatua ya kwanza. Lakini tazama fedha hizo zinavyotumika. Chini ya mfumo wa force akaunti, yaani shule kusimamia ujenzi yenyewe badala ya kumpa mkandarasi, huundwa kamati tatu, ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, na wajumbe wake hutoka miongoni mwa wakazi. Mjumbe wa mapokezi huhesabu nondo zinaposhushwa na kutia saini kwamba mifuko ya saruji imefika kamili. Pale kamati hizo zilipofanya kazi kweli, wakazi wasio na diploma yoyote wamesimamia mamilioni. Pale mkurugenzi au mzabuni alipoziamulia kila kitu, saini zao zimekuwa kivuli tu. Kwa hiyo uwezo wa jamii kusimamia jambo kubwa umeshathibitika. Kinachoshangaza ni kwamba kamati huvunjwa siku jengo linapokabidhiwa, na hakuna kamati ya mapokezi ya mwalimu wa hesabu.

Hapa hutolewa pingamizi la mwisho: kwamba mzazi ambaye hakusoma sekondari hawezi kuchangia taaluma, ajenge tu, masomo awaachie wataalamu. Pingamizi hili linadhani ufaulu hutengenezwa darasani peke yake. Katika shule ya kutwa ya kijijini mambo yanayoamua matokeo mengi yako nje ya ubao. Mwanafunzi anatembea kilomita saba au nane kwenda na kurudi na hajala tangu usiku. Ikifika saa nane mchana mwalimu bora kuliko wote anafundisha watoto wanaosinzia. Gunia la mahindi na debe la maharage kutoka kila kaya baada ya mavuno, vikipokelewa kwa daftari na kupikwa kwa zamu, ni hatua ya kitaaluma sawa na kitabu. Wanaotoka mbali hupanga chumba karibu na shule, mageto kama wanavyoyaita wenyewe, wakijipikia bila mtu mzima wa kuwaangalia. Humo ndimo masomo ya wengi yalimokatikia, hasa wasichana. Sheria ya 2016 iliweka kifungo cha miaka thelathini kwa anayempa mwanafunzi mimba, na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Lakini sheria haijui geto liko nyumba gani. Mjumbe wa mtaa analijua. Hosteli, hata ya vyumba viwili yenye mlezi, na orodha ya nyumba zinazopangisha wanafunzi, ni mambo ambayo hakuna mtaalamu wa wizara awezaye kuyafanya kutoka Dodoma.

Chombo cha kuyabeba haya kipo tayari. Sheria ya Elimu Namba 25 ya 1978 inatambua bodi za shule, na tangu mwaka 2009 usimamizi wa sekondari umeshushwa kwenye halmashauri chini ya TAMISEMI. Kilichodhoofika ni kazi ya bodi. Katika shule nyingi bodi hukutana kupitisha bajeti na kuamua nidhamu, na taarifa ya taaluma husomwa mwishoni, watu wakiwa wameshachoka. Bodi hai ingeanza na karatasi moja yenye mambo manne: mahudhurio ya mwezi kwa kila kidato, vipindi vilivyopangwa na vilivyofundishwa, walimu wanaopungua kwa kila somo, na matokeo ya kidato cha pili yakilinganishwa na ya mwaka uliotangulia katika shule hiyohiyo. Ulinganisho wa shule na yenyewe ni muhimu. Kuipanga shule ya kata kwenye jedwali moja na seminari inayochagua wanafunzi wake hakukumfundisha mtu lolote, na Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023 liliondoa pambo lisilosaidia kata. Lakini kuacha kushindanisha kusiwe kisingizio cha kuacha kupima. Karatasi hiyo ikibandikwa kwenye ofisi ya kata, mzazi asiyejua Kiingereza ataona kwamba vipindi vya hesabu vya Machi vilikuwa nusu ya vilivyopangwa, naye atajua la kumuuliza diwani.

Swali hilo kwa diwani ndilo kiini cha miaka ishirini ijayo. Mwalimu wa sayansi haletwi na tofali, huletwa na ajira ya serikali, na serikali huajiri palipo na sauti inayodai. Shule za mjini na za wenye uwezo zina wazazi wanaopiga simu. Shule ya kata ina wazazi waliojenga, na mjenzi ana haki ya kudai kuliko mtu yeyote. Ikiwa jamii itabaki kuitwa siku ya kupokea mwenge na siku ya kuweka jiwe la msingi, tutaendelea kuwa na madarasa mengi na ufaulu wa hesabu wa robo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenyeviti wa bodi, wakuu wa shule na madiwani ni moja. Katika mwaka huu wa maadhimisho itisheni mkutano wa hadhara ambao hautakuwa na mchango hata wa shilingi moja. Wasomeeni wananchi mahudhurio, idadi ya walimu wanaopungua na matokeo ya hesabu ya shule yao, kisha muwaulize wanataka nini kifanyike na nani awajibike. Serikali nayo ijibu kwa walimu. Wananchi walijenga zaidi ya shule elfu mbili katika muda ambao wengi waliona hautoshi, na deni la makubaliano yale haliko kwao.